Mtamba Mwekundu wa Milango Miwili

Busawe, Serengeti
14 Januari 2024

Mpendwa Shangazi Awiti,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mifugo yako. Mimi huku Busawe sijambo, isipokuwa kifua kidogo, ambacho nesi Agness amesema si kifua bali ni mawazo. Juzi Mama alinipigia simu kutoka nyumbani Sirari. Homa imemwacha, na Baba amemaliza kuezeka jiko. Kaka Oduol na Beryl wanaendelea vizuri, na mtoto wao wa pili ameanza kutembea. Harusi yao ya kanisani bado, kwa sababu unayoijua: mahari ya Beryl imebaki mtamba mmoja, na wakwe zetu wa ng'ambo ya mpaka hawajamsahau.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa kuwa simu yako, tangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya maziwa, haiongei tena, inatangaza. Mara ya mwisho nilikueleza habari za tumbo langu, na jirani yako Judith akanipa pole kabla yako. Barua hii nimempa Thadeo, kondakta wa basi la Mugumu na Tarime, na nimeibandika gundi mara mbili. Naomba uisome mwenyewe, hata kama itakuchukua siku mbili. Usimpe Judith akusomee.

Shangazi, nataka kununua gari. Si pikapu wala si gari la kubebea mizigo. Ni lile ambalo vijana wanaita spoti: la mtumba, dogo, jekundu, la milango miwili, lenye bawa nyuma. Liko Genkuru, kwenye gereji ya fundi Revocatus. Mwenye gari alihamia Mwanza akaliacha liuzwe. Nililiona Oktoba mwaka juzi, basi letu lilipopata pancha pale. Wenzangu walishuka kununua mahindi ya kuchoma. Mimi nilisimama mbele ya lile gari mpaka Thadeo akaja kunishika mkono. Tangu siku hiyo naweka akiba. Revocatus anataka milioni sita na nusu, nami ninazo tano na nusu.

Utauliza la nini. Wewe unajua kazi yangu: karani wa mizani katika chama cha wakulima wa pamba. Kutwa natazama mshale nikisubiri utulie. Nina miaka ishirini na saba, na sijawahi kuchelewa mahali wala kuwahi mahali kabla ya watu. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Ndiyo maana iwe siri. Baba akijua, ataniuliza mke yuko wapi. Wakulima wakijua, ni vibaya zaidi. Karani wa mizani akionekana ndani ya gari jekundu, kila mtu atajua kilo zake zimekwenda wapi, hata kama hazijakwenda popote.

Kwa hiyo naomba ufike Genkuru ukalitazame, maana wewe unajua kutazama kitu, na umpe Revocatus malipo ya awali nitakayokutumia. Tena naomba kuanzia barua ijayo, ambayo najua Judith ataisoma, gari tuliite mtamba. Mtamba mwekundu. Wewe una zizi, hakuna atakayeshangaa.

Ukimaliza kusoma, choma.

Mwanao, mwenye hofu kidogo,
Otiende Obura


Itiryo, Tarime
4 Februari 2024

Nyathiwa Otiende, mwana wetu,

Marahaba. Nimekusoma kwa siku tatu, si mbili, kwa miwani ya marehemu mume wangu Nyangwine, ambayo imebaki kioo kimoja. Sikuichoma. Ni karatasi nzuri. Nimeiweka ndani ya Biblia kwenye kitabu cha Hesabu, pale hafungui mtu.

Huku wazima. Nakamua ng'ombe watatu. Judith amechaguliwa katibu wa kanisa, na sasa anatembea na daftari hata akienda kuchota maji.

Nilikwenda Genkuru. Kwa kuwa umeniapisha, nikamwambia Revocatus nimekuja kumwona mtamba. Akanipeleka kwa jirani yake anayeuza ng'ombe. Tulipoteza nusu saa pale tukishika masikio ya ng'ombe wa watu. Ukitunga siri, mwambie na muuzaji.

Gari nimeliona. Liko chini sana, ukikaa ni kama umeketi kwenye kigoda cha kukamulia. Mbele watu wawili. Nyuma wanasema pana kiti, mimi nimeona mahali pa kuku. Nikauliza lile bawa ni la nini, Revocatus akasema ni la kulizuia gari lisipae. Nikamuuliza kama limewahi kupaa. Akasema kwa barabara hii, kidogo.

Nikamwambia awashe. Likanguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Nikamwambia azime, awashe tena. Halafu nikamwambia awashe mara ya tatu. Nilitaka kuhakikisha.

Bei ni milioni sita. Nilimkumbusha Revocatus kwamba Nyangwine aliendesha malori miaka ishirini na miwili, na mimi nilikuwa mke wake, sikuwa ukuta.

Swali moja tu. Leseni unayo?

Shangazi yako,
Awiti


Busawe
25 Februari 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo pia dada Judith, ambaye najua ndiye anayesoma hapa.

Huku pamba imetoa maua na mvua imekuja kwa kiasi. Kifua changu kimepungua, lakini nimeanza kuumwa jicho.

Nashukuru sana kwa kazi uliyofanya juu ya yule mtamba mwekundu. Zimebaki laki tano, na nia yangu ni kummaliza kabla ya Pasaka. Kwa sababu hiyo nimeacha chai ya saa nne. Mchana nakula viazi. Nywele najikata mwenyewe kwa kioo kidogo, na upande wa kushoto umetangulia. Matokeo yake ni kwamba kina mama wa kanisa letu, wakiongozwa na bibi Efrazia, wameamua kwamba mimi ni mgonjwa na ninaficha. Kila Jumatano wananiletea uji. Nilijaribu kuwaeleza kwamba siumwi, nanunua mtamba tu. Wakatazamana, wakaongeza maziwa.

Naomba mtamba abaki kwa Revocatus mpaka nije kumchukua mwenyewe. Asitolewe. Ni mwepesi kushtuka, na njia ya Genkuru hadi kwako ina mawe. Nimesoma mahali kwamba mitamba ya aina yake tumbo liko karibu sana na ardhi.

Kuhusu lile swali lako la mwisho, naona karatasi imekwisha.

Mwanao,
Otiende


Itiryo
7 Aprili 2024

Nyathiwa,

Marahaba. Karatasi yako ilikuwa na nafasi ya mistari sita chini ya jina lako. Nimeihesabu.

Pasaka ilikuwa nzuri. Tulipata wageni kutoka Sirari, na baba yako alikuwa mmoja wao. Alilala kwangu siku mbili. Afya anayo, ila anakula polepole kuliko zamani.

Sasa sikia, na usianguke. Judith aliposoma barua yako alilia. Alisema hajawahi kuona kijana wa siku hizi anakula viazi na kujikata nywele ili apate mtamba wa kummalizia kaka yake mahari. Mimi sikusema ndiyo wala sikusema hapana. Nilikuwa nachuja maziwa. Akaandika kwenye daftari. Siku ya Pasaka, baada ya matangazo ya sadaka, akasimama mbele ya watu na kusema tumshukuru Mungu kwa mtamba mwekundu wa Otiende Obura. Kanisa zima likapiga makofi. Baba yako alikuwa kwenye benchi la wageni. Akatoa leso akajipangusa uso. Nilidhani ni joto.

Jioni akaanza kuniuliza maswali. Uongo sikumwambia.

"Mtamba mwenyewe ana umri gani?"

"Ni wa mwaka tisini na tisa."

Akacheka, akasema nimezeeka. Akauliza ni wa mbegu ya wapi. Nikasema ametoka Japani. Hapo akakaa sawasawa kwenye kiti.

"Wa kisasa?"

"Wa kisasa sana."

"Anakula nini?"

"Hali kitu. Anakunywa tu."

Alitikisa kichwa muda mrefu. Alitaka kumwona. Nikamwambia ng'ombe wa kisasa anafungiwa bandani, na akiwa mgeni haipendezi kumkodolea macho. Akakubali. Alisema hatakuuliza lolote, maana zawadi haiulizwi. Anangoja uje umwambie kwa kinywa chako.

Ndiyo, nimesema bandani. Revocatus alipozipata zile laki tano zako, mtamba akafika kwangu. Yuko kwenye banda la lori la marehemu, chini ya turubai. Usiniulize alikujaje. Alikuja.

Awiti


Busawe
15 Aprili 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima.

Alikujaje? Mtamba hatembei mwenyewe. Lazima mtu amshike kamba. Ni nani alimshika kamba? Nimempigia Revocatus, akasema mama alimchukua, kisha akacheka, akakata simu. Mama yupi?

Na Baba, tafadhali, asiambiwe neno jingine lolote. Nitamweleza mwenyewe, kwa utaratibu, nikipata wakati mzuri. Sijajua ni lini. Nimeanza tena kukohoa.

Otiende


Itiryo
19 Mei 2024

Nyathiwa,

Marahaba, na pole kwa kukohoa. Samahani nimechelewa kuandika. Biashara imechangamka. Maziwa yangu siku hizi yanafika Sirari kabla hayajapoa, na wateja wameongezeka. Kiuno nacho kimepona, sijui ni nini kimekiponya.

Wakati mzuri uliokuwa unautafuta umepita. Baba yako hakuweza kungoja. Amevuka mpaka na kwenda kwa wakwe, akawaambia deni la mahari limekwisha, kwamba mwanawe mdogo, karani wa Busawe, amejinyima miaka miwili na kununua mtamba wa Kijapani. Baba mdogo wake Beryl, yule mrefu anayezungumza kwa niaba ya ukoo, akauliza kama Japani wana ng'ombe. Baba yako akamjibu kwamba ndiyo shida ya kutosoma magazeti.

Watakuja kwangu Jumamosi ya tarehe kumi na tano Juni, kumwona mtamba na kumpokea. Harusi imepangwa Agosti. Beryl ameshachagua kitambaa. Alinipigia simu, akasema nikwambie ahsante, na soko zima likamsikia akilia.

Ningeweza kumwambia baba yako ukweli siku ile ile ya Pasaka. Sikumwambia, kwa sababu lile si gari langu, na yule si baba yangu. Mimi nimekuficha vya kutosha. Njoo useme.

Awiti


Busawe
2 Juni 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hii isome mwenyewe, nakuomba sana.

Msimu wa pamba umefunguliwa. Wakulima wamejaa hapa tangu alfajiri, na kila mmoja anatazama mshale kisha ananitazama mimi. Bibi Efrazia ananiuliza mtamba wangu anaendeleaje mbele ya watu wote, nami namjibu anaendelea vizuri. Sijawahi kudanganya watu wengi kiasi hiki kwa sentensi fupi kiasi hiki.

Nimefikiri njia tatu. Ya kwanza, tuseme mtamba ana ugonjwa wa miguu na midomo, na karantini imewekwa. Lakini karantini lazima itangazwe na daktari wa mifugo, na muhuri wake sina. Ya pili, tukodishe mtamba mwekundu wa mtu kwa siku moja. Lakini wakwe wanakuja kumpokea, na wataondoka naye. Ya tatu, tuseme ameibiwa. Hii niliipenda kwa robo saa. Halafu nikakumbuka kwamba huko kwenu ng'ombe akiibiwa wanaume wote hutoka kufuata nyayo, na nyayo za huyu ni matairi.

Na kuna jambo umeniuliza tangu Februari. Sina leseni, Shangazi. Nilifanya mtihani mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama kumpisha kuku, na kuku naye akasimama kunipisha mimi, mpaka muda ukaisha. Mara ya pili sikuweza kuwasha gari kabisa, mikono ilikataa. Nimenunua gari ambalo siwezi kuliondoa mahali lilipo.

Kwa hiyo liuze. Mrudishie Revocatus kwa bei yoyote, nunua mtamba wa kweli, mwekundu, umweke bandani. Baba asijue kamwe. Oduol atafunga ndoa, Beryl atashona kitambaa chake, na mimi nitaendelea na mizani. Hakuna atakayekuwa amepoteza kitu isipokuwa mimi, na mimi nimezoea.

Otiende


Itiryo
6 Juni 2024

Otiende,

Siuzi. Mimi si dalali wa woga wako. Ukitaka kuliuza, njoo uliuze mwenyewe, ukiwa umesimama mbele yake. Basi la Ijumaa linafika saa kumi.

Awiti


Itiryo
18 Juni 2024

Nyathiwa,

Natumaini ulifika salama. Uliondoka Jumapili alfajiri kama mtu anayedaiwa, hata chai hukunywa, ukisema mizani inakungoja. Hukuniambia kitu. Ijumaa usiku nilikuuliza utasema nini, ukasema unaumwa meno.

Sasa mimi nilikuwa jikoni na kina mama, na ninyi nyote saba mlijifungia kwenye banda langu, katika boma langu, na mpaka leo hakuna anayeniambia mlichozungumza. Nikimuuliza baba yako, anasema ni mambo ya wanaume. Oduol aliwasindikiza wakwe na hajarudi huku.

Nitakwambia nilichokiona kwa upande wangu. Mliingia. Nikasikia baba yako anahutubia. Halafu kimya, kirefu, mpaka ugali ukaanza kushika chini. Halafu sauti yako, lakini maneno sikuyapata. Halafu honi ikalia, ikalia, haikukoma, na watu wakawa wanasema vuta, vuta, shika mguu. Kuku wangu wawili hawajaanza kutaga tena. Halafu baba yako akatoka peke yake, akasimama mlangoni mwa jiko, akanitazama mimi, akatazama sufuria, akanitazama tena, akarudi ndani bila neno. Kisha mkaja mkala, na baba mdogo wake Beryl akaongezewa nyama mara mbili akicheka peke yake.

Miaka sitini na miwili, na natazamwa hivyo na kaka yangu mdogo. Niambie aliona nini.

Awiti


Busawe
30 Juni 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Meno hayakuwa yanauma, ulijua. Dada Judith, karibu, soma kwa sauti ukitaka.

Baba alishika pembe ya turubai, akatoa ile hotuba uliyoisikia. Alisema Wajapani ni watu wa nidhamu, na ng'ombe wao hivyo hivyo. Akawaambia wakwe kwamba yeye hajawahi kunisifu mbele za watu kwa kuwa nilikuwa mtoto wa woga, lakini leo anataka wamtazame aliyemzaa. Halafu akavuta turubai.

Baba mdogo wake Beryl akalizunguka gari lote kama anavyozungukwa ng'ombe mnadani. Akalipiga piga paja la nyuma. Akainama, akachungulia chini, akainuka polepole.

"Huyu hana chuchu," akasema.

Baba alikuwa bado ameshika turubai. Hakunitazama.

"Otiende. Mtamba yuko wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia maelezo ya kurasa mbili, yako mfukoni. Sikuyatoa. Nilisema, "Hapakuwa na mtamba, Baba. Ni gari. Ni langu, nimelinunua kwa mshahara wangu, na silitoi." Shangazi, lile neno la mwisho sikulipanga. Nilipolisikia niligeuka kidogo kuona ni nani amelisema.

Baba akauliza lina thamani ya ng'ombe wangapi. Nikasema saba, labda wanane wadogo. Akasema taratibu, bila ukali, "Una ng'ombe saba chini ya turubai, na kaka yako amekosa mmoja." Laiti angenipigia kelele.

Ni Oduol aliyemjibu. Alisema mahari ni yake, si yangu, na kwa miaka minne amekuwa akisubiri ng'ombe wa watu wengine wakati pikipiki yake iko pale nje na ina bei. Baba akamuuliza atakwenda kazini na nini. Akasema kwa miguu, Otiende anakwenda kwa miguu na bado yuko hai. Nikasema basi tumnunue mtamba nusu kwa nusu, mimi na yeye, pamba ikiisha, na pikipiki ibaki. Tukapeana mikono juu ya boneti.

Tulipogeuka kuwauliza wakwe, baba mdogo wake Beryl hayupo. Alikuwa ameingia ndani ya gari. Anasema alitaka tu kujua mtu anakaaje. Alikaa vizuri, lakini hakuweza kuinuka. Magoti yalikuwa usawa wa masikio, na kiwiko kikawa juu ya honi. Ndiyo ile uliyoisikia. Tulimtoa watu wanne. Alipofika nje akavaa kofia yake, akapangusa suruali, akasema ukoo unaweza kungoja mtamba mpaka Oktoba, harusi ibaki Agosti, kwa sharti moja: Beryl aende kanisani ndani ya kitu hiki, na kipite mbele ya nyumba ya shemeji yake yule aliyewahi kusema kwamba Beryl ataolewa kwa baiskeli.

Baba akauliza ni nani ataendesha. Nikasema si mimi, nikawaeleza habari ya kuku. Hawakucheka mara moja, walisubiri nimalize. Ndipo Oduol akainama dirishani, akasema kiti cha dereva kimevutwa mbele mpaka mwisho, kama kwa mtu mfupi. Chini ya kiti palikuwa na kifuniko cha dumu la maziwa na kanga yako ya kwaya. Baba alivishika vile vitu viwili kwa muda. Akatoka nje, akaja mlangoni kwako. Sasa unajua alikuwa anatazama nini. Aliporudi alisema neno moja tu, "Sawa." Aliahidi atakwambia mwenyewe kwamba wewe ndiwe dereva wa bibi harusi. Naona hajakwambia. Leseni ya zamani ya Nyangwine haitoshi, Shangazi, wala yako iliyokwisha muda. Tutakwenda Tarime pamoja, wewe kuhuisha, mimi kujaribu mara ya tatu.

Jambo la mwisho. Niliporudi hapa Jumatatu sikuweza kufungua mizani. Niliwaambia wakulima waliokuwa kwenye foleni kwamba mtamba wangu ni gari, ni jekundu, na ni la spoti, na anayedhani kilo zake zimo ndani yake alete kitu chochote anachokijua uzito wake, apime mbele ya watu. Karatasi ya maelezo ilikuwa bado mfukoni. Walikuja mpaka saa nane mchana. Walileta mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, ukasoma hamsini. Nesi Agness alimleta mtoto aliyetoka kumpima kliniki, akasoma vile vile, akalia. Mzee Heche alileta mbuzi, lakini hakujua uzito wake, alitaka tu kujua. Halafu bibi Efrazia akatoa jiwe kwenye kapu. Alisema dukani lile jiwe ni kilo tano, amelipima mwenyewe kila mwezi. Kwangu likasoma nne na nusu. Foleni nzima ikanong'ona. Tukaweka saruji tena, hamsini. Tukaweka jiwe, nne na nusu. Bibi akafikiri, akasema, "Basi sukari yangu ya miaka yote hii." Watu wote wakageuka kumtazama mwenye duka, aliyekuwa amesimama nyuma na pamba yake. Alikumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. Wakamsindikiza, na mimi nikabaki peke yangu na mizani. Nilicheka, Shangazi, mpaka nikakaa chini juu ya magunia.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Ni mara ya kwanza kuomba, na mwenyekiti aliisaini bila kuisoma. Nitafika na basi la Alhamisi. Naomba kitu kimoja: usilioshe. Nataka kuliosha mwenyewe, mchana, kando ya barabara, watu wakipita.

Mwanao,
Otiende